Mkaa Usiokubali Kunyooka

Kwetu Pangani pasi ya mkaa haikutiwa mkaa wowote tu. Bibi alitenga vifuu vya nazi, akavichoma polepole kwenye shimo alilolifunika kwa udongo, na mkaa uliotoka humo ndio uliopigia pasi kanzu za Idi, ndio uliokwenda kwenye chetezo. Alisema mkaa wa kifuu hausagiki mkononi, na ukiugonga unalia. Miaka mingi baadaye, nikiwa mbele ya tanuri la maabara linalofika nyuzi 1,400 za sentigredi, nilielewa kwamba bibi alikuwa ameitambua, kwa sikio na kwa kidole, tabia ileile inayowafanya watengenezaji wa betri wakitafute kifuu hicho leo.

Betri ninazozungumzia ni za sodiamu, ndugu wa karibu wa zile za lithiamu zilizomo kwenye simu zetu. Zote hufanya kazi kwa njia moja. Kuna upande chanya na upande hasi, na kati yao kuna kimiminika pamoja na utando unaozuia pande hizo zisigusane. Unapochaji, ayoni huhama upande chanya na kwenda kujihifadhi upande hasi. Unapotumia umeme, hurudi zilikotoka. Kwa hiyo suala la upande hasi ni suala la malazi: wageni hawa walale wapi, wangapi kwa gramu moja, na wakitoka watoke wote bila kuibomoa nyumba.

Lithiamu ilikwisha kupata jibu. Hulala ndani ya kinywe, madini yaleyale yaliyomo kwenye vilima vya Mahenge na Ruangwa, na ng'ambo ya Ruvuma kule Balama. Kinywe ni kaboni iliyojipanga kama mikeka dukani: tabaka juu ya tabaka, kila moja lina unene wa atomu moja, na kati ya tabaka na tabaka pana nanomita 0.335. Ayoni za lithiamu huteleza katikati ya mikeka hiyo, na betri ikijaa, kila atomu sita za kaboni zinakuwa na mgeni mmoja. Hiyo ni sawa na miliampea-saa 372 kwa gramu, na kinywe kizuri hukaribia sana kiwango hicho.

Ipeleke sodiamu kwenye mikeka hiyohiyo, haiingii. Kinachopatikana hakifiki hata sehemu ya kumi ya kile cha lithiamu. Maelezo yanayorudiwa kila mahali, hata madarasani, ni kwamba ayoni ya sodiamu ni nene mno, haipenyi. Maelezo hayo nayapinga kila ninapoyasikia. Potasiamu ni nene kuliko sodiamu, na bado inaingia kwenye kinywe vizuri kabisa, moja kwa kila atomu nane za kaboni. Ingekuwa ni unene peke yake, potasiamu ndiyo ingekuwa ya kwanza kubaki nje.

Sababu yenyewe ni hesabu ya nishati. Kuingia kati ya matabaka kuna gharama: atomu inaachana na wenzake katika metali, inatoa elektroni yake, na matabaka yanasukumwa yatanuke. Faida inayofidia gharama hiyo ni mvuto kati ya ayoni na kaboni. Lithiamu, kwa udogo wake, inashikamana na kaboni kwa nguvu na kulipa deni lote. Potasiamu haishikamani sana, lakini metali yake ni legelege na elektroni yake hutoka kirahisi, kwa hiyo deni lenyewe ni dogo. Sodiamu imeangukia katikati: deni bado kubwa, mvuto hafifu. Inapata nafuu zaidi ikibaki nje, na nje ndiko inakobaki.

Basi ikahitajika nyumba ya namna nyingine, na ramani ya nyumba hiyo ilikuwa imeshachorwa zamani na mtu ambaye hakuwa akifikiria betri hata kidogo.

Rosalind Franklin anajulikana kwa picha za eksirei zilizosaidia kufichua umbo la DNA. Kabla ya hapo alikuwa mtaalamu wa makaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alichunguza makaa ya mawe ya Uingereza, na baada ya vita akaenda Paris, ambako alijifunza kuyapiga eksirei makaa ya kila aina na kusoma mpangilio wa ndani. Mwaka 1951 alichapisha utafiti ambao sisi watu wa kaboni bado tunaurudia. Alichukua vitu mbalimbali, akavichoma bila hewa, kisha akavipandisha joto hadi kukaribia nyuzi 3,000. Vingine viligeuka kinywe. Vingine vilikataa katakata: matabaka yao yalikua kidogo tu, yakabaki yamekaa kombo, joto la ziada lisiyanyooshe. Hata plastiki mbili zinazofanana kwa karibu, zikitofautiana kwa kiasi cha klorini, zilikwenda njia mbili tofauti.

Tofauti huamuliwa mapema, kwenye nyuzi mia chache za mwanzo. Kuna vitu ambavyo vikipashwa joto hulainika kwanza na kuwa kama uji mzito, kama ilivyo kwa lami ya mafuta. Ndani ya uji huo vipande vya matabaka vinaelea, vinageuka, vinajipanga ubavu kwa ubavu, na joto likiongezeka vinaungana kuwa kinywe. Mti, kifuu na utomvu wa kiwandani havipiti hatua hiyo. Kabla matabaka hayajapata nafasi ya kugeuka, atomu za oksijeni na viungo vingine vimekwisha kuyafunga hapa na pale kama pingu. Sukari inayeyuka, ni kweli, lakini nayo huwahi kujifunga kabla ya kujipanga. Baada ya hapo ukitia nyuzi 1,000 au 2,000, matabaka hayana pa kwenda. Yanabaki mafupi, yamepinda, yameegemeana ovyo, na kati yao pana mapengo.

Hiyo ndiyo kaboni ngumu, na jina lake lisikufikirishe mbali. Chora kwa penseli: kinywe kinateleza, kinaacha weusi kwenye karatasi kwa sababu matabaka yanaachana kirahisi. Kaboni ngumu haitelezi. Zile pingu zinaishika kila upande. Ndiyo sababu mkaa wa bibi ulikuwa unalia.

Miaka ya 1990 kaboni ngumu iliwahi kutumika katika betri za lithiamu, kisha kinywe kikaisukuma pembeni. Iliyoirudisha ni kazi ya David Stevens na Jeff Dahn, katika Chuo Kikuu cha Dalhousie huko Halifax, Canada. Mwaka 2000 walichukua glukosi, sukari rahisi kabisa, wakaichoma bila hewa kwa joto la kupita nyuzi 1,000, na mkaa ule ukapokea sodiamu kwa kiwango cha miliampea-saa 300 hivi kwa gramu. Ninapowafundisha vijana huwa nasimama hapa kidogo. Kitu ambacho kinywe, chenye mpangilio usio na kasoro, kilishindwa kukifanya, kilifanywa na sukari iliyoungua.

Ukitazama volti za upande hasi wakati wa kuchaji unaona hatua mbili. Kwanza volti zinashuka taratibu kama mteremko, kutoka karibu volti 1 hadi volti 0.1 hivi. Kisha zinatulia, mstari unalala tambarare karibu kabisa na sifuri, na sehemu kubwa ya sodiamu huingia hapo. Stevens na Dahn walieleza kwamba kwenye mteremko sodiamu inajipenyeza kati ya matabaka, na kwenye tambarare inajaza mapengo. Wengine wakaja na tafsiri ya kinyume, na mabishano yakaendelea kwa miaka mingi. Utafiti wa sumaku ya viini vya atomu, uliofanywa Cambridge na kwingineko, umeonyesha kwamba mwishoni mwa tambarare sodiamu iliyomo ndani ya kaboni inaanza kuwa na tabia ya metali: inakusanyika kwenye mapengo kwa vikundi vidogo mno. Mimi niko upande wa wanaosema mapengo ndiyo ghala kuu, na kwamba mteremko ni mchanganyiko wa sodiamu iliyonasa kwenye kasoro za matabaka na ile iliyopenya kati yake. Matabaka ya kaboni ngumu yameachana zaidi kuliko ya kinywe, kati ya nanomita 0.37 na 0.40, kwa hiyo ni njia ya kupitia na mahali pa kukaa pia.

Hapa ndipo kifuu kinapofundisha jambo ambalo wengi wanaoanza kazi hii hulikosea. Kifuu cha nazi kimetumika kutengenezea mkaa wa kuchujia maji kwa miaka mingi. Mkaa ule hupigwa mvuke wa moto ili utoboke, hadi gramu moja inakuwa na eneo la ndani linalopita mita za mraba 1,000. Kijana anayesikia kwamba sodiamu inahifadhiwa kwenye mapengo hukimbilia mkaa wa namna hiyo, akiamini matundu mengi ni hifadhi kubwa. Betri yake inakufa siku ya kwanza. Inachohitaji sodiamu ni mapengo yaliyofungwa: ayoni ziweze kupenya kupitia kati ya matabaka, lakini kimiminika cha betri kisiweze kuingia.

Sababu iko kwenye chaji ya kwanza. Volti zikishuka, kimiminika kinachogusa kaboni huvunjikavunjika na kuacha ngozi nyembamba juu yake. Ngozi hiyo ni ya lazima, maana ikishakamilika inazuia kimiminika kisiendelee kuharibika. Lakini imejengwa kwa sodiamu, na sodiamu hiyo hairudi tena. Kaboni yenye matundu wazi ina ngozi kubwa mno ya kujenga. Kaboni ngumu nzuri ina eneo la nje la mita za mraba chache tu kwa gramu, na hata hivyo chaji ya kwanza hupoteza sehemu ya kumi au zaidi ya sodiamu iliyoingia. Iliyotengenezwa vibaya hupoteza theluthi. Kwenye betri kamili sodiamu yote imetoka upande chanya, kwa kipimo. Inayonaswa siku ya kwanza ni uzito utakaobebwa bure maisha yote ya betri.

Kwa hiyo ustadi wote uko kwenye tanuri. Chini ya nyuzi 1,000 mkaa bado una haidrojeni na oksijeni nyingi, hupitisha umeme kwa shida, na matundu yake yako wazi. Ukipanda kuelekea nyuzi 1,300 au 1,400, matabaka yanakua kidogo na kuziba milango ya mapengo, eneo la nje linapungua, ile tambarare ya volti inarefuka. Ukizidi sana, matabaka yanakaribiana mno na sodiamu inakosa njia. Mwendo wa kupandisha joto nao una neno: ukiharakisha, gesi zinazotoka huupasua mkaa kutoka ndani. Bibi alifunika shimo lake kwa udongo na kusubiri mpaka asubuhi. Joto lake halikukaribia hata nusu ya linalohitajika, lakini uvumilivu wake ulikuwa sahihi kabisa.

Malighafi ni nyingi: sukari, selulosi, utomvu wa kiwandani, lami iliyotiwa oksijeni kwanza ili isilainike. Kampuni ya Stora Enso ya Ufini imetengeneza kaboni ngumu kutokana na lignini, ile gundi ya asili inayoushika mti na ambayo viwanda vya karatasi huitoa kama mabaki. Kuraray ya Japani inauza kaboni ngumu itokanayo na mimea. Utomvu wa kiwandani hutoa kaboni safi na inayofanana kila mara, ila ni ghali. Kifuu kina sifa zake: kina lignini nyingi, ni kizito na kigumu, na majivu yake ni machache ukilinganisha na makapi ya mpunga, ambayo yamejaa silika.

Machache hayana maana ya hakuna. Kuna potasiamu kwenye kila mmea, na kuna mchanga. Niliwahi kuchoma vifuu vya magunia mawili kwenye tanuri moja, kwa joto moja, siku moja, na kaboni ikatoka na tabia mbili. Gunia moja lilikuwa na vifuu vilivyokaa ufukweni miezi kadhaa, vikalowa maji ya chumvi na kukauka tena; jingine lilitoka moja kwa moja kwa wakamua tui. Nilivioshea asidi vyote, nikavichoma upya, tofauti ikapungua lakini haikwisha. Kiwanda cha betri kinaogopa jambo hilo kuliko bei. Mamia ya seli yameungwa pamoja ndani ya betri moja, na seli moja iliyo tofauti na wenzake huwavuta wote chini. Tena ile tambarare iko karibu mno na volti ambazo sodiamu huanza kuganda kuwa metali juu ya kaboni, hivyo seli dhaifu ikisukumwa kupita kiasi ni ya hatari.

Tupige hesabu kidogo. Gramu moja ya kaboni ngumu inabeba miliampea-saa 300. Betri ya sodiamu hutoa umeme kwa wastani wa karibu volti 3, kwa hiyo gramu hiyo inahudumia wati-saa 0.9. Kilowati-saa moja inataka kilo moja na gramu mia moja hivi za kaboni. Mnamo Februari 2023 kampuni ya HiNa ya China ilionyesha gari dogo lenye betri ya sodiamu ya kilowati-saa 25. Betri ya ukubwa huo ingehitaji kilo 28 za kaboni. Kifuu kikichomwa vizuri hubaki robo hivi ya uzito wake, kwa hiyo tunazungumzia kilo 110 za vifuu vikavu kwa gari moja dogo: mamia ya nazi. Ukitaka kuhudumia kiwanda kizima, nazi za mwambao wetu wote zitaonekana chache. Wataalamu wa HiNa wenyewe walifanyia kazi makaa ya mawe aina ya anthrasaiti, ambayo ni rahisi kwa bei na huchimbwa kwa mamilioni ya tani. Kaboni yake inahifadhi kidogo kuliko ile ya kifuu, lakini kwa umeme wa gharama nafuu hesabu hiyo inaweza kukubalika.

Niseme wazi pia kwamba betri ya sodiamu haijaja kuifukuza ya lithiamu kwenye simu yako. Kwa uzito uleule inabeba umeme kidogo kuliko betri za lithiamu zilizo bora, na kaboni ngumu, kwa sababu ya mapengo yake, inachukua nafasi kubwa kuliko kinywe. Mwaka 2022 tani moja ya lithiamu kabonati ilikaribia yuani 600,000 huko China na kila mtu aliikimbilia sodiamu. Bei ilipoporomoka hadi chini ya yuani 100,000 mwanzoni mwa 2024, wengine walikimbia. Waliobaki wana sababu za kudumu. CATL, mtengenezaji mkubwa kuliko wote, ilitangaza betri yake ya kwanza ya sodiamu mwaka 2021, ikasema kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri inabakiza asilimia 90 ya uwezo wake. Mwaka 2024 ghala la umeme la megawati-saa 100 lilianza kazi katika mkoa wa Hubei, lote kwa betri za sodiamu. Ghala halibebwi mgongoni. Uzito si kitu. Na kuna faida isiyosemwa sana: sodiamu haiungani na alumini, kwa hiyo karatasi ya shaba inayohitajika upande hasi wa betri ya lithiamu inaachwa, inatumika alumini pande zote mbili. Betri inaweza hata kumalizwa umeme wote kabisa kabla ya kusafirishwa, na ikachajiwa tena ilikofika bila kudhurika.

Kwa upande wetu, watu wa Kolwezi watapenda kujua kwamba betri hizi hazihitaji kobalti, na wa Mahenge kwamba hazihitaji kinywe. Sisemi hayo kuwatisha. Betri za lithiamu zitaendelea kutengenezwa kwa wingi, na kinywe kitaendelea kutakiwa. Sodiamu yenyewe tunayo jikoni: magadi tunayotia kwenye maharage yalainike yana sodiamu kabonati, na Ziwa Magadi la Kenya limekuwa likichimbwa kibiashara tangu 1911. Lakini magadi hayajawahi kuwa haba duniani. Kwa hiyo anayetaka kuchimba Ziwa Natron kwa kisingizio cha betri, huku akijua kwamba ndiko wanakozaliana heroe wadogo wa Afrika Mashariki, nadhani asisikilizwe. Haba ni kaboni nzuri, inayofanana gunia kwa gunia.

Nikiulizwa na vijana wa Tanga au Kwale waanzie wapi, siwaambii wanunue tanuri la nyuzi 1,400. Linakula umeme, linataka gesi safi ya naitrojeni muda wote, na likisimama katikati ya kazi shehena nzima imeharibika. Kuna hatua ya kwanza, ya nyuzi 500 au 600, ambayo inaweza kufanyika palepale nazi zinapovunjwa, kwenye tanuri la chuma lililofungwa vizuri. Kifuu kinapoteza sehemu kubwa ya uzito wake, moshi wake unaweza kuchomwa kuendesha tanuri lenyewe, na kinachobaki husafirishwa kwa gharama ndogo. Mnunuzi atauliza mambo matatu: majivu kiasi gani, unyevu kiasi gani, na je, gunia la leo ni sawa na la mwezi uliopita? Kwa hiyo kazi inaanza hata kabla ya moto. Vifuu vianikwe juu ya turubai au chanja. Vikianikwa mchangani, silika itakayoingia kwenye nyufa zake haitoki kwa maji, wala haitoki kwa asidi niliyotumia mimi.